Kilo ya sukari, mama mkwe na boksa

Jamani niwape hii ya Septemba hapa Houston, maana mke wangu kashaitangaza kwa ukoo mzima, bora niiseme mwenyewe.

Mama mkwe alikuja kutoka Tanga kumwona mjukuu. Mimi na mkwe ni heshima tupu, hata kucheka mbele yake naziba mdomo. Sasa jirani ana ile chupa ya kulishia hamingibedi, vile vindege vya gramu tatu hivi, mama kila asubuhi yuko dirishani anashangaa, "Hiki chozi gani hakitui?" Maana chozi wa kwetu anatua kwenye ua la mgomba anafyonza kwa nafasi yake, hawa wanasimama hewani, mbawa kama mara 50 kwa sekunde, wanavuma kama feni inayotaka kufa. Nikasema ngoja, mkwe nitamletea mpaka barazani.

Nikanunua chupa. Maelekezo mepesi tu, kikombe kimoja cha sukari nyeupe kwa vinne vya maji, usitie asali wala rangi. Mimi nikaona huu ubahili, ndege wenyewe mwezi huu wanajinenepesha wavuke Ghuba ya Mexico bila pa kutua halafu uwape maji maji? Nikamwaga kilo nzima kwenye lita moja, nikatia na rangi ya keki. Mama akachungulia sufuria. "Baba, hiyo si shira? Kaimati ziko wapi?"

Nikaitundika, nikaweka kiti chini yake, nikavaa fulana nyekundu makusudi kwa sababu nyekundu ndiyo wanaipenda, nikatulia. Nilichosahau ni jua la Houston. Chupa nimeijaza nusu, ile hewa ya juu ikipata joto inatanuka inasukuma shira chini, tone, tone, kwenye suruali, tone, kwenye kandambili. Mimi kimya maana kandege kamefika! Kako hapa, ningenyoosha mkono ningekashika, koo linawaka jekundu. Mama kashika simu anarekodi, ananong'ona, "Usitikisike baba, usitikisike."

Nikasikia kama mtekenyo kwenye ugoko. Nikajua jasho.

Wasiowajua faya anti wa Texas niwaambie, wale sisimizi hawana haraka, wanapanda mguu kimya kimya mpaka wamejaa, akianza mmoja wanadunga wote kwa mpigo kama wamepigiwa filimbi. Mimi walikuwa wameshapita goti. Sikumbuki kuamua chochote, nakumbuka suruali iko kwenye majani na mimi nakimbilia mpira wa maji na boksa yangu ya miaka sita, ile yenye dirisha nyuma, nalia kwa Kiswahili, Kizigua na Kiingereza. Mama, "Ya Rabi stara!", kanga usoni, ila mkono wa simu uko palepale juu unarekodi. Na yule ndege hakuondoka, alikuwa anaendelea na shira yake.

Siku mbili tulisalimiana kwa kupitia mlango. Ya tatu nakuta chupa imeoshwa, imetiwa maji meupe kabisa ya kikombe kwa vinne, na juu kwenye ndoano kuna kikopo cha maji cha kuzuia sisimizi. Mke wangu akanipa mfuko.

"Mama kasema hizi zako."

Boksa tatu mpya. Zote nyeusi, hakuna nyekundu.