Almasi haipimwi kama dhahabu: karati au mkato?

Kwenye kikao cha familia cha kuandaa harusi ya mpwa wangu, kilichofanyika Cheyo hapa Tabora mjini, suala la pete lilichukua muda mrefu kuliko la ukumbi na chakula. Kijana alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam na picha za pete kwenye simu, amezipiga katika duka kubwa la vito. Aliyoipenda ilikuwa na almasi ya karati 0.90. Baba yake mkubwa aliitazama, akairudisha simu. "Mwanangu, umefika mpaka sifuri nukta tisini, kilichokushinda ni nini? Ongeza kidogo ifike moja, watu waseme karati moja." Karibu watu wazima wote pale barazani waliitikia. Kijana akajaribu kueleza kwamba jiwe lile limekatwa vizuri sana, na kwamba duka jingine lilimpa karati moja kamili kwa bei isiyopishana sana, ila mkato wake, yaani jinsi lilivyochongwa, ni hafifu. Akaambiwa kuwa wauzaji wa mjini wanajua kuongea.

Naona kijana alikuwa sahihi na hakusikilizwa, kwa hiyo naandika. Lakini hoja ya baba mkubwa siyo ya kupuuzwa, na nitaanza nayo.

Sisi wa Tabora tumezungukwa na utajiri wa kupimwa kwenye mizani. Kaskazini yetu kuna Mwadui, Shinyanga, ambako John Williamson alivumbua mwamba wa almasi mwaka 1940. Dhahabu imechimbwa Nzega na inachimbwa Geita. Ukimpelekea sonara bangili ya bibi, cha kwanza ataiweka kwenye mzani, akutajie gramu. Bangili ikiyeyushwa ikawa hereni, gramu hubaki zilezile. Mtu aliyekulia katika hesabu hiyo ana haki ya kuuliza uzito kabla ya kitu kingine chochote. Na neno lenyewe linachanganya: karati ya dhahabu ni usafi, dhahabu ya karati 18 ina asilimia 75 ya dhahabu halisi, karati ya almasi ni uzito, gramu 0.2. Neno moja, vitu viwili, na wote tunalitamka barazani bila kutofautisha.

Tena pete ya uchumba haimhusu bibi harusi peke yake. Inasema kitu kuhusu upande wa mwanaume mbele ya upande wa mwanamke. Karati inasemeka kwenye simu: shangazi aliyeko Urambo ataambiwa "karati moja" na ataelewa mara moja. Mkato hausemeki. Umwambie shangazi kwamba jiwe lina pembe nzuri, atakujibu nini? Na kuna suala la fedha. Almasi iliyonunuliwa dukani ukitaka kuiuza tena utapata chini sana ya ulichotoa, na jina la duka la kifahari ulilolipia halirudi mfukoni. Kwa hiyo, wanasema wazee, kama hasara ipo tu, angalau jiwe liwe kubwa.

Hoja zote hizo nazikubali isipokuwa moja, ile inayozibeba zote: kwamba karati nyingi ni jiwe kubwa. Kwa macho ya anayeitazama pete kidoleni, si lazima iwe hivyo.

Miaka iliyopita nilimnunulia mke wangu pete ya almasi ya karati 1.00. Dukani, chini ya zile taa ndogo kali za kwenye kabati la vioo, iliwaka. Nilivyofika nayo nyumbani, chini ya mwembe, katikati ya jiwe palikuwa peusi, na ukigeuza kidole weusi ule haukuondoka. Nilidhani ni uchafu. Nilipompelekea sonara wa mtaani aliitia maji ya sabuni, akaipangusa, akaiweka kwenye kipimo chake cha milimita. Upana wa jiwe ulikuwa milimita 6.2. Kina chake, kutoka uso wa juu mpaka ncha ya chini, milimita 4.2. "Mzee," akaniambia, "uzito wako umekaa tumboni."

Siku ya kikao nilimwomba mpwa anifungulie picha ya cheti cha lile jiwe lake la 0.90. Upana: milimita 6.2. Kina: milimita 3.8.

Naomba msomaji akae na namba hizo kidogo, maana kwangu mimi suala zima limo humo. Jiwe la karati moja na jiwe la karati 0.90 yana upana mmoja. Yakiwa kidoleni, yakitazamwa kutoka juu kama pete zote zinavyotazamwa, ni sawa kwa sawa. Tofauti yao ni karati 0.10, yaani miligramu 20, uzito unaokaribia punje moja ya mchele. Punje hiyo haiko juu ambako mama mkwe ataiona. Iko chini, ndani ya pete, upande wa kidole. Na haikukaa pale bure, imelipiwa, tena imelipiwa kwa bei ya juu zaidi, kwa sababu bei ya kila karati hupanda ghafla jiwe linapofika 1.00. Jiwe la 0.99 na la 1.00 huwezi kuyatofautisha kwa macho, lakini kwenye karatasi ya bei ni madaraja mawili. Mkataji analijua hilo. Anapoona jiwe ghafi linaweza kutoa 0.90 ya mkato safi au 1.00 yenye tumbo, anajua wanunuzi wengi watauliza namba moja tu. Sisi tunaouliza namba hiyo moja ndio tunaomfundisha aache tumbo.

Na tumbo lile haliishii kuficha uzito. Linaua mwanga. Almasi ina uwezo ambao kioo hakina wa kiasi hicho: mwanga ukishaingia ndani yake hautoki kirahisi. Ukigonga ukuta wa ndani kwa mshazari wa kutosha, unarudishwa kama kwenye kioo cha kujitazamia, unagonga ukuta wa pili, unarudi juu kwenye jicho lako. Ukigonga ukuta kwa kunyooka mno, unapenya na kupotelea chini. Kuta hizo ni zile nyuso ndogondogo alizozichonga mkataji, 57 kwa almasi ya duara ya kawaida, au 58 ukihesabu kale kadogo ka kwenye ncha. Mwaka 1919 Marcel Tolkowsky, kijana wa ukoo wa wakataji wa almasi, alipiga hesabu ya pembe zinazorudisha mwanga vizuri zaidi: takriban nyuzi 34.5 kwa sehemu ya juu na 40.75 kwa sehemu ya chini. Wakataji wa leo wanazisogeza kidogo huku na kule, ila hawaendi mbali nazo. Jiwe likiwa na kina kupita kiasi, katikati huwa peusi, na wafanyabiashara wa vito huliita kichwa cha msumari. Hilo ndilo la mke wangu. Likiwa bapa mno, hutokea mviringo wa kijivu ndani yake na huitwa jicho la samaki. Aliyewahi kununua mgebuka wa Kigoma uliochelewa njiani anajua jicho hilo linavyofanana.

Kwa hiyo anayenunua karati moja yenye mkato mbaya anakosa mara mbili. Upana hakuupata, na mwanga hakuupata. Alichopata ni namba ya kuisema kwenye simu.

Kuna jiwe la jirani zetu linalonisaidia kila ninapobishana juu ya jambo hili. Mwaka 1947 Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyekuwa anaolewa, almasi ya rangi ya waridi kutoka Mwadui. Ikiwa ghafi ilikuwa na karati 54.5. Ilipokatwa ikabaki 23.6. Zaidi ya nusu ya jiwe lililotoka kwenye udongo wa Shinyanga iliondoka kwenye magurudumu ya wakataji, na hakuna aliyelia kwamba zawadi imepunjwa. Mwaka 1953 masonara wa Cartier waliiweka katikati ya ua la almasi, likawa bruchi, pambo la kubana kwenye nguo, aliyoivaa malkia huyo hadi uzeeni. Mzee wangu mmoja aliwahi kuniambia, kwa uchungu wa kweli, kwamba zile karati 30 na ushei zilipotea bure. Mimi naona ndizo zilizonunua mwanga wa zile 23 zilizobaki. Tatizo letu ni kwamba huku kwetu almasi tumeizoea ikiwa ghafi. Inatoka Mwadui kabla ya kukatwa, na sehemu kubwa ya almasi za dunia hukatwa Surat, India. Ile hatua ambayo uzito hugeuzwa mwanga haifanyiki mbele ya macho yetu, basi tukabaki na mizani.

Sasa kuhusu duka la kifahari lenyewe, hapa nawapa wazee sehemu ya haki yao. Mpwa angeweza kupata jiwe la mkato uleule kwa bei nafuu zaidi kwa muuzaji asiye na mlango wa vioo, mazulia na boksi la velveti. Jina linalipiwa. Lakini si kila kinacholipiwa pale ni jina. Taasisi ya vito ya Marekani, GIA, tangu mwaka 2006 inaandika daraja la mkato kwenye vyeti vyake vya almasi za duara, madaraja matano, la juu kabisa mpaka duni. Kwa jiwe la yai, la mraba au la umbo la tone, cheti cha kawaida hakina daraja hilo. Hapo unategemea jicho la aliyelichagua kabla yako. Duka zuri limekwishakataa mawe mengi kabla wewe hujaingia, na kukataa huko kuna gharama. Halafu kuna ushikaji wa jiwe. Masonara Tiffany wa New York walipotoa mwaka 1886 pete yenye vikucha sita vinavyoliinua jiwe juu ya mwili wa pete, walikuwa wanatafuta mwanga uingie kutoka kila upande. Fundi akilifukia jiwe zuri kwenye dhahabu nene, mkato ule wote amekulipisha bure. Ushauri wangu kwa kijana ulikuwa huu: kama duka hilo linakupa cheti chenye vipimo, linakuruhusu kulitoa jiwe nje ya zile taa na kulitazama mlangoni kwenye kivuli, na linakubali kwa maandishi kwamba unaweza kulirudisha, malipo ya ziada yana maana. Likikataa kitu kimojawapo, ondoka, boksi lao waachie.

Almasi za maabara zilitajwa pia kikaoni, na bei yake kweli imeshuka sana miaka hii. Ni almasi kwa kila hali, na mkato wake unaharibika vilevile. Anayeichagua aulize yaleyale.

Hoja iliyonisumbua zaidi ilitoka kwa shangazi wa kijana, mtu wa jikoni, si mtu wa masonara. "Mjomba mtu," akaniambia, "huo mkato wenu mimi nausikia. Lakini mwali wetu atapika. Wiki moja ya mafuta ya karanga na samli, mwanga wenu uko wapi?" Amesema kweli kuliko alivyojua. Almasi inapenda mafuta. Migodini zimetumika meza zilizopakwa grisi: mchanga na kokoto hupita na maji, almasi hunasa. Jiwe lenye mkato bora kabisa, likishikwa na utando wa mafuta upande wa chini, linapooza kama la kwangu, kwa sababu kuta zile za ndani haziakisi vizuri tena. Tofauti ni kwamba la mwali litaoshwa. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki laini upitishwe chini ya jiwe, katikati ya vikucha, na mwanga unarudi. La mke wangu nimeliosha miaka yote hii, na weusi wa katikati uko palepale.

Shangazi akaiomba pete ya mke wangu. Akatoka nayo nje hadi kwenye kivuli cha mwembe, akakaa na simu ya kijana mkono wa pili, ile picha ya jiwe la 0.90 aliyoipiga mlangoni mwa duka, bila taa. Alizitazama kwa zamu. Baba mkubwa naye akainuka, akasimama nyuma yake.

"Hii ya mkeo ni karati ngapi?" akauliza.

Nikamwambia moja.

"Na hii ya kwenye simu, milimita zake ulisema ngapi?"

Ilikuwa mara ya kwanza siku ile mtu mzima kuuliza milimita.