Tuiache darubini iikodolee macho galaksi moja

Jana usiku nilifungua tena data za IRAS 13224-3809, galaksi iliyo umbali wa karibu miaka ya nuru bilioni moja, zilizokusanywa na darubini ya eksirei XMM-Newton mwaka 2016. Ziko wazi, yeyote anaweza kuzipakua. Nikazigawa fotoni, yaani chembe za mwanga, kwenye mafungu ya sekunde 100, nikachora grafu ya wingi wake. Nukta zinatambaa chini kwa muda, mara zinaruka, zinaporomoka, zinaruka tena.

Kasi hiyo ya kubadilika ndiyo rula yetu. Mwanga ukipanda na kushuka ndani ya sekunde 1,000, eneo linaloutoa haliwezi kuwa kubwa kuliko safari ya mwanga kwa sekunde hizo: kilomita milioni 300, yaani mara mbili ya umbali wa Dunia hadi Jua. Galaksi yenye mabilioni ya nyota, na karibu eksirei zake zote zinatoka mahali padogo namna hiyo, kwenye korona ya gesi yenye joto kali kando ya shimo jeusi, lile lisiloachia hata mwanga, kwenye kiini cha galaksi!

Ndiyo maana naumia nikiona muda wa darubini unakatwakatwa vipande vya saa mbili tatu ili kila mwombaji apate chake. Mwaka ule galaksi hii ilipewa kama sekunde milioni 1.5, na hapo ndipo ikaonekana kwamba alama za upepo unaotoka kwenye kiini kwa karibu robo ya kasi ya mwanga hufifia kila eksirei zinapozidi. Kwa saa mbili, nani angelijua hilo?

XMM-Newton huchukua karibu saa 48 kuizunguka Dunia, kwa hiyo inaweza kukodoa macho zaidi ya siku nzima bila kupepesa. Setilaiti za obiti ya chini huzunguka kwa dakika tisini na kitu, na mara nyingi Dunia yenyewe huja kuziba. Mlipuko unaanza, grafu inaingia pengo, ukitoka upande wa pili umeshapoa.

Kukesha nako kuna adha zake. Protoni, chembe ndogo zenye chaji zinazoruka angani, hupenya hadi kwenye kamera na grafu ikaruka kana kwamba galaksi imewaka. Kabla ya kushangilia, chora kwanza kipande cha anga tupu kilicho jirani. Nacho kikiruka, saa hizo zitupe.

Sizikatai ziara fupifupi. Mwaka 2018 korona ya galaksi nyingine, 1ES 1927+654, ilipotoweka, eksirei zikashuka mara 10,000 kwa takriban siku 40, na ni kuitembelea mara kwa mara ndiko kulikolinasa tukio lile. Hiyo ni kazi ya mlinzi. Ila mlinzi akishapiga kelele, galaksi hiyo ipewe mzunguko mzima wa darubini, hata kama foleni ya waombaji ni ndefu.