Usimtafute mnunuzi, mtafute muuzaji

Mwaka wangu wa kwanza katika biashara ya viungo, magunia saba ya pilipili manga yalikaa sebuleni kwangu Muheza kutoka msimu mmoja hadi mwingine. Harufu yake iliingia kwenye mapazia, kwenye sare za watoto, hata kwenye wali. Wakulima wa kule juu Amani walinipa mzigo ule kwa neno langu tu. Niliwaambia natafuta mnunuzi wa nje, atakayelipa bei ya maana kuliko walanguzi wanaopanda milimani na mizani zao. Na kweli nilikuwa natafuta. Kila usiku, watoto wakishalala, niliweka bando, nikafungua Google na kuandika kwa Kiingereza maneno yale yale: wanunuzi wa viungo Ulaya.

Nilichokuta ni soko lisilo na mnunuzi hata mmoja. Ukurasa baada ya ukurasa, Wahindi, Wavietnam, Waindonesia na Watanzania wenzangu wameweka picha za pilipili na namba za WhatsApp, wote wanamngoja mtu yule yule. Katikati yao wapo wanaouza orodha za majina ya wanunuzi. Nilinunua moja. Nililipa shilingi 180,000 kwa simu, nikatumiwa jedwali la kampuni zaidi ya mia nne. Barua nyingi nilizotuma zilinirudia siku hiyo hiyo, anwani hazipo. Nyingine zilifika kwa watu wanaouza vyuma na matairi. Ile hela haikuwa yangu peke yangu, ilikuwa na jasho la watu wa Amani ndani yake, na hadi leo inaniuma.

Naandika haya kwa sababu kila wiki napigiwa simu na kijana mwenye ufuta, asali, iliki au mwani, naye yuko pale pale nilipokuwa mimi. Anatafuta neno "mnunuzi".

Hebu fikiria duka la jumla pale Kariakoo. Umewahi kuona mwenye duka amebandika mlangoni kwamba yeye ni mnunuzi? Anabandika anachouza. Ukitaka kumpelekea mchele, hutafuti tangazo la mtu anayenunua mchele, unamtafuta anayeuza mchele mwingi, kisha unamuuliza nani anamletea mzigo. Kampuni ya viungo ya Hamburg ni hivyo hivyo. Tovuti yake yote imeandikwa kwa ajili ya wateja wake wa kule, inazungumzia pilipili anayouza, vichupa, mifuko, bei. Neno la kununua limefichwa kwenye kona moja, pengine halipo kabisa. Kwa hiyo mtafute muuzaji wa kile unachotaka kuuza. Hilo ndilo badiliko lililonitoa gizani, na halikunigharimu hata senti.

Badiliko la pili ni lugha. Muuza viungo wa Ujerumani anaongea na wateja wake kwa Kijerumani, na ukimtafuta kwa Kiingereza unakutana na wale wachache wakubwa walioamua kuongea na dunia nzima, ambao ndio wanaoandikiwa na kila mtu. Usiku nilioandika Gewürze, yaani viungo, nikaongeza Großhandel, yaani biashara ya jumla, ilikuwa kama nimefungua mlango wa nyuma. Majina mapya kabisa. Baadaye nikajifunza neno wanalotumia wenyewe wa kazi, Rohgewürze, viungo ghafi, ambalo mtu wa kawaida wa Ujerumani halihitaji lakini mwagizaji analiandika. Nikaweka Tansania kwa herufi yao ya s, nikaweka Pfeffer, yaani pilipili manga, na pale ikatokea picha ya kichupa cha gramu 50 chenye pilipili manga nyeusi, na chini ya jina imeandikwa inakotoka: Tanzania, milima ya Usambara.

Niliitazama ile picha muda mrefu. Wajerumani walifungua kituo chao cha utafiti wa mimea Amani mwaka 1902, miti waliyoipanda tunaipita kila siku tukishuka na mizigo, na huku mimi nimekaa miezi nikiwaandikia watu wa matairi. Kumbe kuna mtu tayari anauza pilipili ya milima yetu kwenye rafu, kwa jina la milima yetu.

Mtu wa namna hiyo humwelezi Tanzania iko wapi. Ameshakubali. Unachomwambia ni kwamba wewe uko karibu na shamba na una mzigo.

Tena Ujerumani ina jambo moja linalomsaidia sana mtafutaji. Sheria yao inailazimisha kila tovuti ya biashara kuwa na ukurasa uitwao Impressum. Shuka hadi chini kabisa ya tovuti, utaliona kwa maandishi madogo. Humo mna jina kamili la kampuni, anwani ya mtaa, jina la mkurugenzi, barua pepe, namba ya usajili na namba ya kodi ya VAT. Orodha niliyonunua kwa shilingi 180,000 ilinipa uongo, Impressum inanipa ukweli bure. Ile namba ya kodi unaweza kuihakiki kwenye mfumo wa Tume ya Ulaya uitwao VIES, unaokujibu papo hapo kama bado iko hai. Ufaransa nako wana ukurasa wao, wanauita mentions légales. Uingereza unaingia Companies House, daftari la kampuni la serikali, unaona mwaka kampuni ilipoanzishwa na nani ni wakurugenzi, na hulipi kitu.

Kwa upande wa Ghuba nilifundishwa na binamu yangu wa Muscat. Nilikuwa natafuta waagizaji wa iliki kwa neno la Kiarabu nililopewa na programu ya tafsiri, habhan. Akanicheka kwa upendo, akaniambia, "Dada, hilo ni la Wamisri. Huku sisi ni heel." Mdalasini vilevile: kamusi inakupa qirfa, lakini muuza duka wa Ghuba anaandika darseen, na ukilisema kwa sauti utasikia ndilo neno letu lenyewe, mdalasini. Karafuu nayo ni qaranful. Waswahili tumekaa juu ya hazina hii ya maneno na ya ndugu, halafu tunamwandikia Mwarabu wa Sohar kwa Kiingereza cha kukopa. Kama una shangazi Muscat au rafiki Dubai, muombe jambo moja tu: maneno yanayoandikwa kwenye mifuko ya viungo dukani kwao. Akupigie picha. Picha kumi za mifuko zina thamani kuliko semina ya siku tatu.

Zipo mbinu ndogo za Google ambazo kila mtu anapaswa kuzijua. Ukiandika site:.de mbele ya maneno yako, unapata tovuti za Ujerumani tu, site:.nl ni Uholanzi. Ukizungushia maneno alama za kunukuu, inatafuta maneno hayo yakiwa yameandamana hivyo hivyo. Alama ya kutoa ikibandikwa kabla ya neno inaondoa usichokitaka. Mimi huondoa neno Rezept, kwani bila hivyo napata mapishi. Na usisahau kwamba Google si dunia yote. Mchina anatafuta kwa Baidu, Mrusi kwa Yandex, Mkorea anaipenda Naver yake.

Njia ninayoipenda kuliko zote, hata hivyo, ni maonyesho ya biashara. Simaanishi kwenda, nauli na banda ni hela ambazo wengi wetu hatuna. Namaanisha orodha za washiriki. BIOFACH ya Nuremberg, Anuga ya Cologne, SIAL ya Paris, Gulfood ya Dubai, zote zinaweka kwenye mtandao majina ya kampuni zilizokodi banda, na unaweza kuchuja kwa bidhaa na kwa nchi. Kampuni iliyolipia banda Nuremberg ipo kweli. Unachukua jina, unalirudisha Google, unaisoma tovuti yake yote kabla ya kuandika neno moja.

Nasisitiza, yote. Hapa ndipo wengi tunaharibu. Kampuni inayouza viungo vya kilimo hai pekee haiwezi kuchukua mzigo wako kama huna cheti cha kilimo hai, hata ikupende vipi, na imeandika Bio kila mahali. Kampuni inayoleta makontena kwa mamia itakupimia kwa bei ya Vietnam, ambayo ndiyo inayouza pilipili manga nyingi kuliko nchi yoyote, na kwa bei hiyo mkulima wa Amani hapati hata ya kulipa wachumaji. Hao waache. Mtafute aliye mdogo kiasi cha kukujali, anayeandika jina la kijiji kwenye kichupa, anayeweka picha za safari zake mashambani. Katika kila kampuni kumi ninazozipata, naandikia mbili.

Barua ya kwanza niliyojibiwa ilikuwa na mistari saba. Jina langu na mahali nilipo. Pilipili manga nzima, kavu, msimbo wa forodha 0904.11. Kiasi nilichonacho kwa kilo. Lini naweza kupakia, bandari ya Tanga. Sentensi moja kuhusu kichupa chake, kwamba nimekiona na kwamba vijiji vyangu viko kwenye milima ile ile. Picha mbili, ya mzigo na ya watu wakianika kwenye vichanja. Hakuna "sisi ni kampuni inayoongoza". Kabla ya hiyo nilikuwa nimeandika barua zaidi ya arobaini ndefu zenye sifa tupu, na nilijibiwa na ukimya.

Jibu lake lilikuwa swali: gramu ngapi kwa lita?

Sikujua anasema nini. Nilitafuta tena, safari hii nikitafuta elimu, nikaelewa kwamba pilipili inapimwa uzito wa ujazo. Punje zilizoshiba ni nzito, zilizochumwa changa ni makapi mepesi. Viwango vya sokoni vinatajwa hivyo, gramu 500 kwa lita, gramu 550. Asubuhi nikachukua jagi la lita moja, nikalijaza pilipili bila kushindilia, nikasawazisha juu kwa rula ya mtoto, nikamimina kwenye mizani ya jikoni. Gunia la kwanza 487. La pili 512. La tano 468, na pale pale nikajua ni la shamba gani, kwa sababu yule mzee huchuma mapema akiogopa wezi. Magunia saba niliyokuwa nayaita pilipili tu yakawa mizigo saba tofauti. Nilimwandikia ukweli wote, namba kwa namba. Akaomba sampuli ya magunia mawili, akauliza unyevu, akauliza tunaanikia nini, akauliza kuhusu sumukuvu, ile sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini, kwa kuwa kikomo cha Umoja wa Ulaya kwa pilipili ni mikrogramu 5 kwa kilo kwa aflatoksini B1 na 10 kwa aflatoksini zote pamoja. Nikaenda TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, kuulizia cheti cha afya ya mimea. Oda ya kwanza ilikuwa kilo 200.

Maswali yale ndiyo kipimo changu cha matapeli hadi leo. Mnunuzi wa kweli anakusumbua kwa mambo madogo. Tapeli anataka tani 200 mara moja, hajali unyevu, hajali uzito, bei yoyote utakayotaja ni sawa, na barua ya tatu anakuomba ada ya kukusajili kama msambazaji au hela ya wakili wa mkataba. Kikundi kimoja cha akina mama wa jirani kililipa ada hiyo mara mbili. Walikuwa wamechangishana. Mtu yule ndiye aliyewatafuta, si wao waliomtafuta, na hilo lenyewe lilitosha kuwashtua kama kungekuwa na mtu wa kuwaambia.

Nina malalamiko, nayasema wazi. Semina za kuuza nje nilizohudhuria zinatufundisha vyeti, vifungashio na jinsi ya kuandika mpango wa biashara. Ni mambo ya maana. Lakini hakuna hata moja iliyotuweka mbele ya simu zetu saa mbili nzima na kutuambia, haya, tafuteni mtu anayeuza kitu chenu huko aliko, msome tovuti yake, mtuambie kama mzigo wenu unamfaa. Vijana wetu wana simu, wana macho, wengine wana Kifaransa cha shule kinacholala bure. Kijijini Amani kuna binti aliyemaliza kidato cha nne ambaye sasa ananitafutia kwa siku mbili kwa wiki, na anapata majina niliyoyakosa mimi.

Wiki iliyopita ameniletea duka la Lyon lenye pilipili za nchi kumi na moja, ya Tanzania haimo. Amesoma kurasa zao zote. Leo jioni anateremka na kikopo cha pilipili mpya, tuipime kwenye jagi kwanza, ndipo tuandike.