Papa Shirandula na suti ya kumdanganyia mke

Watu wakikumbuka Papa Shirandula, kile kipindi cha vichekesho cha Citizen TV ya Kenya, kitu cha kwanza wanachotaja ni lafudhi. Kwangu mimi lafudhi ilikuwa kichekesho cha bei rahisi kuliko vyote mle ndani. Kilichotukalisha mbele ya Citizen tangu 2007 ni siri ya yule mzee, Papa mwenyewe: ni soja, analinda geti, na mke wake hajui.

Kisa chenyewe ni hicho tu. Mwanamume anatoka nyumbani na suti, Wilbroda anaamini mume ana kazi ya maana ofisini, kumbe akifika anavaa sare. Baada ya hapo huhitaji wizi wa benki wala mapenzi ya matajiri. Ikitajwa tu kwamba kuna mtu wa nyumbani anataka kumtembelea kazini, presha inampanda Papa, na sisi tunapandwa naye.

Na uongo huo haukuokotwa hewani. Pita mtaa wowote wa Nairobi saa kumi na mbili asubuhi, zamu zikipokezana. Soja wa usiku anaingia kwenye kibanda cha geti, anakunja sare na kuisokomeza mfukoni, anatoka na shati lililopigwa pasi na viatu vinavyong'aa. Hakuna aliyemlazimisha. Lakini huko kwao waliuza ng'ombe asome. Atawaambia anafungulia watu magari?

Marehemu Charles Bukeko aliielewa aibu hiyo, ndiyo maana hakumcheza Papa kama mjinga. Mwili ule mkubwa ulikuwa ukijivuna mbele ya mke, halafu unanywea mbele ya mdosi. Hatukuicheka kazi ya usoja. Tulimcheka mtu anayeikimbia huku inamlisha.

Kuhusu lafudhi, haikuanzia kwake. Kwenye Vitimbi, kipindi kingine cha vichekesho, cha KBC, marehemu Benson Wanjau, Mkikuyu, alimwigiza mzee wa Kijaluo, Ojwang, miaka nenda miaka rudi, na kuna waliodhani ni Mjaluo wa kuzaliwa. Huo ni ufundi. Wengi waliokuja nyuma yake walichukua lafudhi wakamwacha mtu. (Hata Papa Shirandula, tuseme ukweli, iliteleza humo mara nyingine: mhusika anaingia, anavuruga matamshi, tunacheka, anatoka.)

Bukeko alifariki Julai 2020, korona ikiwa imepamba moto, na sifa nyingi zilimwendea yeye, kwa haki kabisa. Ila Jacqueline Nyaminde, Wilbroda wetu, naona tumempunja. Yeye ndiye aliyeubeba ule uongo, maana uongo bila wa kuuamini haufiki popote. Tena sijawahi kushawishika kwamba Wilbroda hakujua. Mke anayemfulia mumewe anajua kama shati limeshinda kwenye kiti au juani. Nadhani aliamua kunyamaza, mradi kodi inalipwa.