Tajiri akiamka vibaya, klabu inashuka daraja

Mechi ya kwanza ya madaraja ya chini niliyoitazama Ukraine, matokeo yake siyakumbuki. Nakumbuka mbegu za alizeti. Bibi mmoja alikuwa amekaa kwenye kistuli nje ya geti, koti la sufu na kilemba cha maua, anapima mbegu kwa glasi ya chai na kuzimimina kwenye koni ya gazeti. Nilikuwa mwaka wa pili wa udaktari pale Vinnytsia, na mwenzangu wa bweni alikuwa ameniambia leo kuna mpira, twende tukapoteze muda. Ndani hatukufika watu mia tatu. Kila mtu anatafuna, anatema maganda; kufika kipindi cha pili chini ya viti pametandikwa zulia jeusi. Wachezaji unawasikia wanavyoitana. Kocha akitukana, unasikia amemtukana nani na kwa kosa gani.

Mzee aliyekaa pembeni yangu aliona nacheka pale beki alipopiga shuti la kuokoa, mpira ukaenda kwenye miti. Akanigeukia. "Mwanangu, hii timu ilicheza fainali na Dynamo." Nikamwitikia kwa adabu, moyoni nikasema hizi ni zile hadithi za wazee, kila mmoja ujanani aliwahi kumpiga chenga Blokhin, yule nyota wa zamani wa Dynamo Kyiv.

Usiku nikatafuta kwenye simu. Kweli. Mwaka 1996 Nyva Vinnytsia walifika fainali ya Kombe la Ukraine, wakafungwa 2-0 na Dynamo Kyiv. Kwa kuwa Dynamo alikuwa bingwa wa ligi pia, Nyva ndio waliokwenda Kombe la Washindi Ulaya. Nyva kwa Kiukraine ni konde la nafaka. Konde likapanda ndege kwenda kucheza Uswisi na Sion, na haukupita muda likashuka daraja, likafa, likafufuka, likafa tena. Niliowatazama mimi walikuwa wale waliofufuka.

Tangu siku hiyo nimekuwa mlevi wa madaraja ya chini ya Ukraine, na nimerudi nyumbani na ulevi huo. Wenzangu wanaamka usiku kutazama Ligi ya Mabingwa, mimi natafuta mtandaoni nani amekatwa pointi daraja la pili. Kwa hiyo leo nisimung'unye maneno. Watu wengi wanapenda kuhadithia soka la Ukraine kama hadithi ya vijiji vidogo vilivyopanda hadi juu kwa moyo na jasho. Mimi naona ni hadithi ya pochi. Nani ana pochi, ameifungua lini, na siku aliyoifunga nani alibaki mlangoni anadai mshahara.

Kwanza tuelewane kuhusu ngazi. Juu kuna ligi kuu. Chini yake kuna Persha Liha, yaani daraja la kwanza, na chini tena Druha Liha, daraja la pili. Ni kama mpangilio wetu wa zamani, kabla hatujaanza kubadili majina kila msimu. Chini ya Druha Liha ni ridhaa tu. Nchi nyingine, ukikuta klabu huko chini unajua ni klabu ndogo. Ukraine hapana. Huko chini unaweza kumkuta bingwa wa zamani akicheza na timu ya kampuni ya kilimo iliyoanzishwa juzi.

Chukua Dnipro. Hawa walikuwa mabingwa wa Umoja wa Kisovieti mara mbili, 1983 na 1988. Tarehe 27 Mei 2015 walikuwa Warsaw kwenye fainali ya Ligi ya Europa dhidi ya Sevilla. Nikola Kalinić akawafungia mapema kabisa, Sevilla wakageuza, nahodha Ruslan Rotan akasawazisha kwa frikiki karibu na mapumziko, mwisho Carlos Bacca akawamaliza, 3-2. Ukiniuliza, ni moja ya fainali nzuri za miaka ile.

Sasa hesabu na mimi. Mmiliki alikuwa Ihor Kolomoisky, tajiri wa benki ya PrivatBank. Hata kabla ya Warsaw watu walikuwa wanadai. Kocha wa zamani, Mhispania Juande Ramos, na wasaidizi wake walipeleka madai yao FIFA. UEFA ikawafungia mashindano ya Ulaya 2016. Desemba mwaka huohuo serikali ikaichukua benki. Pointi zikakatwa, timu ikamaliza msimu wa 2016-17 kwa kushuka, na FIFA ikasema hawa wasiishie daraja la kwanza, wapelekwe moja kwa moja la pili. Miaka miwili tu baada ya Warsaw! Mwaka uliofuata wakawa ridhaa, na 2019 klabu ikazimika.

Kinachoniuma si kushuka, mpira una kushuka. Kinachoniuma ni kwamba msimu uleule Dnipro walipotupwa Druha Liha, kwenye daraja hilohilo iliingia klabu nyingine ya mji uleule, Dnipro-1, yenye jina la kikosi cha kujitolea cha vita vya 2014. Wakapanda mbio, 2019 wako ligi kuu, 2023 wamemaliza wa pili. Watu wakasema mji umepata mrithi. Kiangazi cha 2024 mrithi naye akajitoa ligi kuu kabla msimu haujaanza, na mechi yake ya Ulaya na Puskás Akadémia ya Hungaria hakutokea uwanjani. Mji wa watu karibu milioni moja umezika klabu mbili ndani ya miaka mitano. Deni halina mjomba.

Kharkiv, mji mwingine mkubwa, mambo yalikwenda hivyohivyo, ila mwisho wake ulikuwa na ladha tofauti kidogo. Klabu yao, Metalist, walimaliza wa pili 2012-13, juu yao Shakhtar Donetsk tu. Katikati ya msimu huo mmiliki, Oleksandr Yaroslavsky, aliiuza klabu kwa kijana wa miaka 27, Serhiy Kurchenko, ambaye utajiri wake hakuna aliyeweza kukueleza vizuri ulikotoka. Utawala wa Rais Yanukovych ulipoanguka 2014, kijana akakimbia nchi. Klabu ikabaki kama nyumba ambayo baba ametoka kwenda dukani. Kufika 2016 haipo.

Hapo mashabiki hawakusubiri mtu. Walianzisha Metalist 1925, mwaka walioubeba kutoka kwenye historia ya klabu ya zamani, wakaanzia ridhaa. Wakaingia Druha Liha, wakapanda Persha Liha, 2021 wakawa ligi kuu. Wakashuka 2024, wakarudi 2025. Ndio, baadaye nao walipata tajiri wao, sitaki kuwadanganya kwamba wanaishi kwa michango ya maandazi. Na Yaroslavsky naye akarudi na Metalist yake nyingine, hata msimu wa 2022-23 ligi kuu ilikuwa na Metalist mbili kutoka mji mmoja, mji wenyewe ukiwa unapigwa makombora. Yake ikashuka. Lakini kuna tofauti kati ya klabu iliyozaliwa na watu halafu tajiri akaikuta, na klabu iliyozaliwa tumboni mwa tajiri. Ya kwanza ikianguka, kuna watu wanaojua ilikuwaje kuanza.

Sasa nije kwenye vijiji, maana najua mtanirushia Kolos, klabu ya kijiji cha Kovalivka.

Kolos maana yake suke la nafaka. Kovalivka ni kijiji cha mkoa wa Kyiv, wakazi elfu moja na mia kadhaa. Klabu imeanzishwa 2012, Druha Liha 2015, ligi kuu 2019 baada ya kuitoa Chornomorets ya Odesa kwenye mchujo. Mwaka uliofuata kijiji kimekwenda Ulaya kikaitoa Aris ya Ugiriki. Uwanja wao una viti mara tatu ya watu wa kijiji. Ni hadithi tamu, na mimi nilishangilia. Halafu kuna Inhulets wa Petrove, mji mdogo wa mkoa wa Kirovohrad, ambao mwaka 2019 walikuwa bado daraja la kwanza na wakafika fainali ya Kombe la Ukraine. Shakhtar wakawapiga 4-0. Mwaka mmoja baadaye wamepanda ligi kuu. Wakashuka 2023, wakapanda 2024, wakashuka 2025. Kila nikitazama msimamo wao nasikia kizunguzungu.

Lakini nyuma ya Kolos kuna mwenye kampuni ya kilimo. Nyuma ya Inhulets kuna mkulima tajiri. LNZ waliopanda 2023 wana jina la kiwanda cha mbegu. Kuna klabu inaitwa Ahrobiznes, kabisa, bila aibu, biashara ya kilimo. Epicentr waliopanda 2025 wana jina la maduka ya vifaa vya ujenzi. Benki na chuma vilipoyumba, shamba likashika usukani, na sina ugomvi na alizeti, nimezila sana. Ugomvi wangu ni pale mtu anaponiambia hii ni klabu ya kijiji. Kijiji kinaitazama. Siku mwenye trekta akichoka, kijiji hakitaweza kulipa hata basi la ugenini.

Mfano mzuri wa jinsi mambo yanavyokwenda ni tiketi moja ya ligi kuu iliyopita mikono mingi. Mwaka 2017 Desna wa Chernihiv walimaliza wa pili daraja la kwanza, nafasi ya kupanda. Wakanyimwa leseni. Nafasi wakapewa Veres wa Rivne, waliokuwa wa tatu. Veres wakaingia ligi kuu, wakamaliza wa sita, vizuri kabisa kwa mgeni. Halafu kiangazi cha 2018 wakabadilishana nafasi na FC Lviv. Yaani kweli, wakabadilishana. Lviv wakapanda kwa karatasi, Veres wakaporomoka hadi daraja la pili. Wasomaji wa Tanzania mlioona Ihefu ikilala Ihefu, ikaamka Singida Black Stars mwaka 2024, hamtashangaa sana.

Ila tazama walivyoishia. Veres wakapanda tena kwa miguu yao, ngazi kwa ngazi, 2021 wakarudi ligi kuu. FC Lviv waliopewa kiti cha bure wameshuka 2023 na klabu ikafungwa. Na Desna walionyimwa? Walipanda 2018, 2020 wakamaliza wa nne, wakacheza na Wolfsburg kwenye mchujo wa Ulaya. Machi 2022 bomu likaanguka kwenye uwanja wao. Jukwaa likavunjika, katikati ya uwanja pakabaki shimo. Desna hawakurudi kwenye ligi.

Kabla ya vita ningeweza kuandika makala hii yote kwa hasira. Sasa siwezi, kwa sababu kuna klabu zilizokufa bila kosa la mtu wa mahesabu. Mariupol hawapo kwa sababu Mariupol yenyewe imetekwa. Tavriya wa Simferopol ndio bingwa wa kwanza kabisa wa Ukraine huru, 1992, waliowafunga Dynamo 1-0 kwenye fainali, na hadi leo nje ya Dynamo na Shakhtar hakuna mwingine aliyewahi kuchukua ubingwa. Crimea, rasi uliko mji wa Simferopol, ilipochukuliwa na Urusi 2014, klabu ikavunjwa. 2016 wakaianzisha upya Beryslav, mkoa wa Kherson, ng'ambo ya mpaka mpya, wakawa wanacheza madaraja ya chini. 2022 vita vikawafuata na huko. Bingwa wa nchi, mkimbizi mara mbili.

Msimu wa 2022-23 ulipoanza Agosti, viwanja vilikuwa vitupu na sharti la kwanza la mwenyeji lilikuwa handaki la karibu. King'ora kikilia, refa anasimamisha, wachezaji wanakwenda chini. Mechi ya Rukh na Metalist kule Lviv ilichukua saa nne na dakika ishirini na saba kumalizika. Rukh nao, kwa taarifa yako, walitokea Vynnyky, kitongoji pembeni ya Lviv.

Na bado timu mpya zinajiandikisha daraja la pili. Hilo ndilo silielewi, na ndilo linalonifanya niendelee kufungua simu. Oleksandriya, klabu iliyowahi kujitoa ligi 2003 na kuanza upya chini kabisa, imemaliza ya pili nchi nzima 2024-25, mbele ya Shakhtar. Kocha wao alikuwa Ruslan Rotan, yuleyule wa frikiki ya Warsaw. Msimu ulipoisha akahamia Polissya Zhytomyr, klabu nyingine yenye pochi jipya.

Mechi za daraja la pili siku hizi zinarushwa mtandaoni, kamera moja, juu ya kitu kinachotikisika upepo ukivuma. Juzi nilikuwa natazama mojawapo, dakika ya sitini na kitu, king'ora kikalia. Wachezaji wakaondoka bila haraka, wengine wanafungua soksi. Mtangazaji akanyamaza. Kamera ikabaki inaangalia majani, mpira umesahaulika karibu na kona, mbwa akapita akaunusa. Niliiacha simu ikiwa imewashwa, nikaenda kupika ugali. Niliporudi walikuwa wameanza tena, na mbwa alikuwa amelala nyuma ya goli.