Bajeti ya fantasi ya kriketi: nunua mipira, usinunue jina

Kwenye mnada wa wachezaji wa IPL, ligi kuu ya kriketi ya India, uliofanyika Dubai Desemba 2023, Kolkata Knight Riders walimnunua Mitchell Starc wa Australia kwa rupia milioni 247.5. Hakuna mchezaji aliyewahi kufikia bei hiyo kabla ya siku ile. Ndani ya kikosi hichohicho alikuwemo kijana wa Delhi, Harshit Rana, ambaye mkataba wake ulikuwa wa rupia milioni 2. Msimu wa 2024 ulipokwisha, Starc alikuwa na wiketi 17, yaani mara 17 alimtoa mpigaji mchezoni. Rana alikuwa na 19.

Ukitaka kujua kwa nini watu wengi wanamaliza bajeti ya fantasi ya kriketi, ule mchezo wa kupanga timu yako ya kubuni kwa wachezaji halisi, na bado wanaburuza mkia, anza na hawa wawili. Bei ya mchezaji inakueleza alichokwisha kufanya na jinsi anavyosifiwa. Alama zako zitatokana na kitu kingine kabisa: leo jioni atapata mipira mingapi ya kupiga au ya kurusha, na katika sehemu gani ya mchezo. Hilo ndilo ninaloshikilia, na nitalitetea.

Wengi wetu Afrika Mashariki tumeijua fantasi kupitia Ligi Kuu ya Uingereza, kwa hiyo nieleze tofauti kidogo. Fantasi ya kriketi iliyozoeleka zaidi huko India, ile iliyoenezwa na Dream11, inakupa krediti 100 uchague wachezaji 11 kutoka timu mbili zinazocheza siku hiyo. Kila mmoja ana bei yake, na ukigawanya unaona wastani ni krediti 9 na kidogo kwa kichwa. Nahodha wako anapata alama mara mbili, naibu wake mara moja na nusu. Kanuni za alama hurekebishwa mara kwa mara, ila kwa muda mrefu hesabu ya msingi ilikuwa hivi: mkimbio mmoja, yaani pointi moja ya kriketi yenyewe, alama 1, wiketi alama 25, kudaka mpira alama 8.

Sasa tazama mchezo wenyewe. Kriketi ya T20 ina ova 20 kwa kila timu, yaani mipira 120. Mrushaji mmoja haruhusiwi kuzidisha ova 4, kwa hiyo bora kuliko wote duniani atarusha mipira 24 halali na hapo basi. Mpigaji anayefungua mchezo, yaani mmoja wa wawili wanaoanza kupiga, anaweza, kwa nadharia, kukaa mipira yote 120. Anayeingia wa sita anaweza kupata mipira minane, au asipate hata mmoja. Kila krediti unayotumia inanunua sehemu ya mipira hiyo.

Kolkata ya 2024 ni darasa zuri kuliko maelezo yoyote, maana kila aina ya mchezaji imo mle.

Sunil Narine wa Trinidad ameichezea Kolkata tangu 2012, na watu wamemjua kwanza kama mrushaji wa mipira ya kuzunguka. Msimu wa 2023 timu ilikuwa ikimtuma kupiga chini kabisa, na upande huo hakufanya la maana. Gautam Gambhir aliporudi Kolkata kama mshauri wa timu mwaka 2024, Narine akarudishwa kufungua mchezo, kazi aliyowahi kuifanya miaka ya nyuma. Mtu yuleyule, kandarasi ileile ya rupia milioni 60, lakini sasa alikuwa na ova 4 za kurusha na juu yake mipira ya mwanzo ya kupiga, pale ambapo katika ova 6 za kwanza ni wadakaji wawili tu wanaoruhusiwa kusimama nje ya duara lililochorwa katikati ya uwanja. Alimaliza na mikimbio 488 na wiketi 17, akatajwa mchezaji mwenye thamani kubwa zaidi wa msimu kwa mara ya tatu maishani mwake.

Tarehe 16 Aprili pale Eden Gardens, uwanja wa nyumbani wa Kolkata, alifunga mikimbio 109 dhidi ya Rajasthan Royals, halafu akachukua wiketi 2. Piga hesabu: 109 na 50 ni alama 159 kabla ya nyongeza za nne na sita, ile mipigo inayovuka mpaka wa uwanja na kuleta mikimbio minne au sita kwa mkupuo. Aliyemfanya nahodha alipata zaidi ya alama 318 kutoka kwa mtu mmoja. Na Kolkata walipoteza mechi ile, kwa sababu Jos Buttler wa Rajasthan alijibu kwa mikimbio 107 bila kutolewa! Fantasi haijali nani ameshinda, inajali nani alikuwa uwanjani.

Thamani kubwa zaidi ya krediti inapatikana hapo, kwa mchezaji aliyebadilishiwa kazi huku bei yake ikiwa bado ya kazi ya zamani. Bei za programu hizi huchelewa kufuata mabadiliko. Ukisoma habari za timu wiki mbili kabla ya msimu, nani anafanyishwa mazoezi ya kufungua, nani ameumia na nafasi yake itazibwa na nani, unakuwa mbele ya bei. Phil Salt ni mfano mwingine wa palepale Kolkata. Mnada wa Desemba 2023 ulipita bila timu yoyote kumchukua. Mwingereza mwenzake Jason Roy alipojitoa, Kolkata wakamwita Salt kama mbadala, akafungua mchezo pamoja na Narine na kufunga mikimbio 435 katika mechi 12. Tena ni mlinda wiketi, kwa hiyo timu yake ikirusha anasimama nyuma ya mpigaji, anadaka mipira na kuongeza alama hata siku aliyotolewa mapema. Mlinda wiketi anayefungua mchezo ndiye wa kutafuta kwanza kila unapopanga kikosi. Mlinda wiketi anayepiga wa saba simtaki kwa bei yoyote.

Upande wa pili wa shilingi ni Rinku Singh, na hapa naandika kwa heshima maana nampenda sana. Aprili 2023, pale Ahmedabad, alipiga sita tano mfululizo katika ova ya mwisho Kolkata wakashinda. Msimu huo alifunga mikimbio 474, jina likapaa. Msimu uliofuata, kwa sababu Narine na Salt walikuwa wanakula mipira yote ya mwanzo, Rinku alipiga mipira 113 tu kwa msimu mzima na kupata mikimbio 168. Ukigawanya, hiyo ni karibu mikimbio 149 kwa kila mipira 100, kasi ya mtu mwenye makali yake kamili. Kiwango hakikushuka hata kidogo. Nafasi ndiyo iliyokauka. Katika fainali Hyderabad walitolewa wote kwa mikimbio 113, Kolkata wakamaliza kazi ndani ya ova 11 kwa kupoteza wiketi mbili, na Rinku hakuitwa kupiga hata mpira mmoja. Waliomnunua kwa kumbukumbu ya zile sita tano walilipia kiti cha benchi.

Mlinganishe na Andre Russell, ambaye naye alikuwa akipiga chini katika timu ileile. Mikimbio 222 kwa msimu si mingi, lakini alirusha, na alirusha ova za mwisho, akapata wiketi 19, tatu kati ya hizo siku ya fainali. Anayepiga chini lazima awe na kazi ya pili inayoonekana, la sivyo muache.

Neno "inayoonekana" nimeliweka makusudi. Programu zina kundi la wachezaji wanaopiga na kurusha, na watu wengi hulijaza kundi hilo wakiamini wamepata wawili kwa bei ya mmoja. Tangu 2023 IPL ina kanuni ya mchezaji wa akiba anayeruhusiwa kuingia katikati ya mechi na kushika nafasi ya mwingine moja kwa moja. Kanuni hiyo imewafanya makocha watumie mpigaji halisi na mrushaji halisi, na yule wa katikati akabaki na kazi moja. Shivam Dube wa Chennai alifunga karibu mikimbio 400 mwaka 2024 lakini karibu hakurusha kabisa. Rohit Sharma, nahodha wa India wakati huo, alilisema hilo hadharani mwaka huohuo, kwamba kanuni hii inawarudisha nyuma wachezaji kama Dube na Washington Sundar. Kwa mpangaji wa fantasi maana yake ni kwamba lebo pekee ni sawa na kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Angalia mechi tatu za mwisho: alirusha ova ngapi? Kama jibu ni sifuri, umlipie kama mpigaji na umpime kama mpigaji.

Kwa warushaji, ushauri wangu unapingwa na watu ninaowaheshimu. Wao hupenda mrushaji bahili, anayetoa mikimbio michache kwa ova. Mimi natafuta anayepewa ova za mwisho, hata kama anachapwa. Katika ova ya 18, 19 na 20 kila mpigaji anapiga kwa nguvu zote, na mpira unaopaa ama ni sita ama unadakwa. Harshal Patel aliongoza ligi kwa wiketi 24 mwaka 2024 huku akichapwa zaidi ya mikimbio 9 kwa ova. Jasprit Bumrah, ambaye kwangu ndiye mrushaji bora wa zama hizi, alitoa chini ya 7 kwa ova na kupata wiketi 20. Kwa wiketi pekee Harshal ana alama 600, Bumrah 500. Ni kweli Bumrah anaongezewa kwa ubahili wake na Harshal anakatwa siku akichapwa sana, lakini adhabu kubwa kabisa ya kuchapwa ilikuwa alama 6, na wiketi moja ni 25. Ukiwa na krediti za Bumrah mchukue, sitakuzuia. Zikiwa hazitoshi, usihangaike kutafuta Bumrah wa bei rahisi. Tafuta mtu wa ova za mwisho.

Rana alikuwa mtu huyo. Mechi ya kwanza ya Kolkata msimu ule, dhidi ya Hyderabad, Starc alipewa ova ya 19 akapigwa mikimbio 26. Ova ya 20 alikabidhiwa Rana, Hyderabad wakihitaji 13. Akaanza kwa kupigwa sita, kisha akaangusha wiketi mbili, Kolkata wakashinda kwa mikimbio 4. Kuanzia jioni ile kila mtu aliyekuwa anatazama alijua kocha anamwamini nani dakika za mwisho. Starc mwenyewe alitoka kwenye mechi mbili za kwanza na mikimbio 100 aliyopigwa, bila wiketi.

Haki yake apewe, lakini. Katika mechi ya kwanza ya mtoano alichukua wiketi 3, katika fainali 2 huku akipigwa mikimbio 14 tu, na mara zote mbili akawa mchezaji bora wa mechi. Kolkata walipata kombe, na sidhani kuna aliyewadai maelezo ya ile milioni 247.5 tena. Klabu inaweza kumnunua mtu kwa ajili ya siku mbili za Mei. Wewe unahesabiwa alama kila mechi kuanzia Machi, kwa hiyo bei za mnada zisikuongoze.

Kuhusu kugawa krediti, siamini katika kikosi cha usawa, wote 9 na 9. Kwa kuwa nahodha anazidishwa mara mbili, nanunua kwanza watu wawili wa bei ya juu wenye mipira ya uhakika, kisha nashuka hadi chini kabisa kutafuta wawili au watatu wa bei ndogo wenye kazi inayojulikana. Nafasi hii ya chini humfaa mrushaji kijana mwenye ova zake 4, au mpigaji wa tatu aliyepandishwa kwa sababu mwingine ameumia. Ninaowakimbia ni wa katikati, wapigaji wa tano na wa sita wenye majina, maana ndio wanaokula krediti nyingi kwa mipira michache. Siku mvua inanusa nawakimbia zaidi, kwa sababu mechi ikikatwa ova, wa chini ndio wa kwanza kukosa zamu.

Krediti zikibaki katika mchezo wa mechi moja hazina faida yoyote kesho, kwa hiyo ukiwa na 1.5 mkononi rudi ukapandishe mtu. Kwenye fantasi ya msimu mzima mambo hubadilika kidogo, huko akiba hukupa uhuru wa kubadilisha wachezaji baadaye.

Jambo la pesa nalisema waziwazi: cheza bure, na marafiki, kwa jina na heshima. Agosti 2025 Bunge la India lilipitisha sheria ya kupiga marufuku michezo ya mtandaoni ya kuwekeana pesa, na Dream11 ikasitisha mashindano yake ya kulipia. Nilifurahi. Hesabu hizi ni tamu zenyewe, na kijana asiye na kipato hatakiwi kuweka nauli yake juu ya ova ya mwisho ya mtu asiyemjua.

Kilichobaki ni saa. Mechi za jioni za IPL huanza saa 11 kamili kwa saa zetu za Afrika Mashariki, na sarafu hurushwa saa 10 na nusu, ndipo majina ya vikosi yanapotoka. Usifunge kikosi kabla ya hapo. Ndani ya nusu saa ile angalia kwanza kama watu wako wamo kwenye 11 au wamewekwa akiba, kisha nani anaanza kupiga, maana timu inayofukuza lengo dogo haitawahitaji wapigaji wake wa chini. Ukiona mfunguzi mpya ambaye jana alikuwa wa sita, na bei yake haijaguswa, mtoe mtu yeyote wa katikati umwingize.