Kabla ya kupanda ndege kwenda kufuga kamba Saudia

Kila mwaka vyuo vyetu vinatoa vijana wanaojua kupima oksijeni ya bwawa, kutenganisha vifaranga kwa ukubwa na kukadiria chakula cha sato kulingana na uzito wake. Wametoka vyuo vya uvuvi vya FETA Mbegani na Nyegezi, chuo kikuu cha kilimo SUA Morogoro, au kituo cha Sagana kule Kenya. Si wachache kati yao wanaoishia kuuza vocha au kuendesha bodaboda huku cheti kikikaa kwenye bahasha. Tangazo la kazi ya shamba la kamba Saudia, mabwawa ya samaki Israel au vizimba vya samoni Norway likiingia kwenye simu ya kijana wa namna hiyo, ana kila haki ya kulitilia maanani.

Kinachonisumbua ni ushauri anaoupata. Mjomba anamwambia Uarabuni ni mateso, asithubutu. Rafiki anamwambia shida ni shida tu, afadhali ile yenye riyali. Wote wawili wana mambo ya kweli waliyoyasikia, ila yanahusu zaidi dada zetu wa kazi za ndani na madereva. Ufugaji wa samaki una hatari zake na faida zake, na sehemu kubwa ya hizo mtu anaweza kuzijua kabla hajakata tiketi.

Faida zipo, tena kubwa. Kwa takwimu za FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 wanyama wa majini waliofugwa duniani waliwazidi waliovuliwa kwa mara ya kwanza: tani milioni 94.4, sawa na asilimia 51. Mchango wa Afrika nzima ni kama asilimia 2 tu, na sehemu kubwa ya huo inatoka Misri. Kwa hiyo anayetaka kuuona ufugaji wa samaki ukiendeshwa kama kiwanda, mara nyingi hana budi kutoka nje ya nchi. Saudia, katika Dira yake ya 2030, imejiwekea lengo la kuzalisha tani 600,000 kwa mwaka, na kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, hasa Al Lith kusini mwa Jeddah, tayari kuna mashamba ya kamba ambayo huku kwetu hatuna mfano wake.

Historia ya mashamba hayo ndiyo inayonifanya niseme kuna cha kujifunza. Mwishoni mwa 2010 yaliingiliwa na ugonjwa wa madoa meupe, virusi vinavyoweza kumaliza kamba wa bwawa zima kwa siku chache, na uzalishaji ukaporomoka. Walijijenga upya kwa kuachana na aina ya kamba waliyokuwa wakiifuga na kuleta kamba weupe wa Pasifiki, wanaozalishwa kutoka kwa wazazi waliothibitishwa kuwa hawana virusi, na wakaanza kuchunga kila kinachoingia shambani: maji, magari, viatu vya wafanyakazi, chakula. Mtu aliyeishi ndani ya nidhamu hiyo miaka miwili anarudi na ujuzi ambao sisi tunauhitaji sana. Mwaka 2018 watafiti waliripoti kukuta virusi vya sato kwa samaki wa Ziwa Victoria, wa kufugwa na wa ziwani, na vizimba vyetu vimesogeleana kiasi kwamba ugonjwa ukishika kimoja, majirani wako hatarini. Mkaguzi anayejua kuzuia ugonjwa usiingie angekuwa na kazi Mwanza, Homa Bay na Jinja.

Lakini shamba kubwa lina idara nyingi, na ujuzi haupatikani kila mahali ndani yake. Kuna kituo cha vifaranga, kuna maabara, kuna kiwanda cha chakula, kuna mabwawa ya kukuzia, kuna uvunaji, kuna ufungashaji. Aliyewekwa maabara au kwenye vifaranga anajifunza kila siku. Aliyewekwa kwenye mabwawa kumwaga chakula, kusafisha nyavu na kubeba kreti wakati wa kuvuna anaweza kumaliza mkataba wote bila mtu kumweleza kwa nini chakula kimepunguzwa jana. Wakala hupenda kusema tu "kazi ni ya samaki". Nani atakuwa msimamizi wako na utakaa idara gani, hayo yaulizwe kwa maandishi, na majibu yaingie kwenye mkataba.

Hapo tunafika kwenye hatari ambayo naiona kubwa kuliko zote, nayo inatokana na karatasi. Machi 14, 2021 Saudia ilianza kutekeleza mageuzi ya ajira. Mfanyakazi wa kampuni binafsi akaruhusiwa kuhama mwajiri kwa masharti fulani, na kuomba viza ya kutoka na kurudi bila kusubiri ridhaa ya kafili, yaani mwajiri anayemdhamini. Wafanyakazi wa ndani, madereva wa nyumbani, watunza bustani, wachungaji na wafanyakazi wa mashambani waliachwa nje ya mageuzi hayo. Sasa mfuga samaki anaangukia wapi? Inategemea nani amemwajiri na viza yake imeandikwa kazi gani. Aliyeajiriwa na kampuni iliyosajiliwa, kwa cheo cha fundi wa ufugaji wa viumbe wa majini, ana njia ya kuhama mambo yakiharibika. Aliyeletwa na mtu binafsi kwa viza ya mfanyakazi wa shamba anaweza kujikuta hana njia hiyo kabisa, ingawa wote wawili wanafuga kamba wale wale. Akiondoka, mwajiri anaweza kumripoti kuwa ametoroka, ile wanayoiita huroub, na iqama yake, yaani kibali cha kuishi nchini humo, ikakosa nguvu hata kama anadai mishahara ya miezi kadhaa.

Oman nayo, tangu Januari 2021, haimdai tena mfanyakazi aliyemaliza mkataba barua ya kutopingwa na mwajiri wa zamani ili ahamie kwa mwingine. Ni nafuu, ila ni nafuu ya aliyemaliza. Anayenyimwa mshahara katika mwezi wa tatu wa mkataba bado yuko pale pale.

Kazi yenyewe ina hatari zake, na huwa hazitajwi kwenye matangazo. Oksijeni ya bwawa hushuka kabisa alfajiri kabla jua halijachomoza, kwa hiyo kazi nyingi nyeti ni za usiku, kandokando ya maji yenye kina, penye mitambo ya kupulizia hewa inayoendeshwa kwa umeme. Maji ya chumvi na nyaya zilizochakaa vinaua. Saudia inakataza kazi ya juani kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa, Juni 15 hadi Septemba 15. Katazo hilo ni zuri, lakini halimgusi mlinzi wa bwawa wa saa kumi za usiku. Tope la chini ya bwawa likifukuliwa hutoa gesi yenye sumu. Miiba ya samaki nayo haidharauliki: mwaka 1996 huko Israel kulizuka maambukizi makali ya bakteria kwa watu waliochomwa walipokuwa wakishika sato hai wa mabwawani. Glavu, maboya ya kuvaa na kituo cha afya kilicho karibu ni mambo ya kuulizia kwa uzito ule ule unaoulizia mshahara. Asiyejua kuogelea ajifunze kabla ya kuondoka.

Nikitaja Israel, siwezi kuzungumzia mabwawa tu. Bonde la Beit She'an lina mabwawa ya samaki ya siku nyingi, na ujuzi wao wa kufuga kwa maji kidogo unaheshimika duniani. Vijana wetu wamekuwa wakienda huko kwa mafunzo ya kilimo kwa vitendo, na wawili kati yao, Watanzania, waliuawa katika mashambulizi ya Oktoba 7, 2023. Wiki chache baadaye Israel ilikuwa ikitafuta wafanyakazi wa mashambani Afrika: Malawi ilipeleka vijana 221 Novemba hiyo hiyo, na serikali ya Kenya ikatangaza nafasi 1,500 zenye mshahara wa kama dola 1,500 kwa mwezi. Kwa kijana wa Kisumu hizo ni fedha za kujenga nyumba. Hata hivyo, mgogoro wa mshahara, usimamizi mbaya, hata ubaguzi, vyote vina mahali pa kushtakiwa, kombora halina. Mimi singemshauri ndugu yangu akubali kazi karibu na mpaka wenye vita kwa mshahara wowote, na wazazi wa wale vijana wawili ndio ninaowafikiria ninapoandika hivi.

Norway sina mengi ya kusema. Ni nchi inayoongoza duniani kwa samoni, ina sheria nzuri za kazi, na hata hivyo watafiti wake wanaihesabu kazi ya vizimba kuwa ya pili kwa hatari ya kifo baada ya uvuvi. Mtu kutoka nje ya Ulaya anahitaji kibali cha mtaalamu mwenye mafunzo yanayotambulika, au cha msimu kisichozidi miezi sita. Tangazo linalosema "hakuna uzoefu unaohitajika, mkataba wa miaka mitatu" halipatani na sheria hizo, na anayekudai ada ili akupatie kazi hiyo anataka ada yako tu.

Ada ndiyo inayonitia hofu kuliko maji na umeme. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema mawakala binafsi wasimtoze mfanyakazi, moja kwa moja wala kwa kuzunguka. Huku kwetu watu wanauza ng'ombe na kuweka rehani shamba la baba. Kijana aliyekwenda bila deni akikuta mkataba umebadilishwa uwanja wa ndege anaweza kukataa na kurudi. Mwenye deni anasaini chochote anachowekewa mbele. Ndiyo maana nasema kazi ile ile, shamba lile lile, inaweza kuwa salama kwa mmoja na mtego kwa mwenzake. Kabla ya kulipa hata senti, leseni ya wakala ithibitishwe TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, kwa Watanzania au Mamlaka ya Taifa ya Ajira kwa Wakenya, na mkataba usomwe na mtu ambaye hana cha kupata safari ikifanikiwa.

Kuna njia nyingine tunayoipita haraka mno. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki imekuwa ikitumika tangu Julai 2010, na Kenya, Uganda na Rwanda ziliondoleana ada za vibali vya kazi. Vizimba vya Ziwa Kivu upande wa Rwanda, vya Jinja na vya Homa Bay vinaajiri mafundi, na kijana wa mwaka wa kwanza kazini anaweza kujifunza huko mengi kuliko kibarua wa mabwawa Al Lith. Mshahara ni mdogo, sikatai, na kwa mwenye familia inayosubiri ada ya shule hilo ni jambo zito. Usalama wa ajira pia hauna uhakika: mwishoni mwa 2022 wafugaji wa upande wa Kisumu walipoteza samaki wengi sana maji yenye oksijeni haba yalipopanda kutoka chini ya ziwa. Hasara ya namna hiyo ikitokea, vibarua ndio wanaotangulia kuachishwa, iwe Kisumu au Al Lith. Wa Kisumu atapanda matatu siku hiyo hiyo akaanze kutafuta kazi kwingine. Wa Al Lith, kama viza yake ni ya shambani, atasubiri karatasi kutoka kwa mtu yule yule aliyemwachisha.